SOMO LA KOPERATIVE: Herufi za kuvurugwa ao kifungu cha maneno? Namna ya kuchagua neno la siri



Somo letu la leo halihusu mbegu wala mboleya, lakini linagusa mavuno yenu vilevile. Siku hizi bei ya kahawa tunaipata kwa simu, mnunuzi anatuma mkataba kwa imeli, na malipo ya wanamemba yanapita mara mingi kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kila mlango wa namna hiyo uko na ufunguo wake, na ufunguo huo ni neno la siri, lile ambalo wengi tunaita mo-de-pase. Mlango ukiwa na ufunguo mubaya, hata kofre ya chuma katika biro haisaidie kitu.

Malengo ya somo: kisha kulisoma, komite yenu itaweza (1) kueleza tofauti kati ya neno la siri la kuvurugwa na kifungu cha maneno, (2) kuchagua ni lipi linafaa kwa konti gani, (3) kutengeneza kifungu chenye nguvu kwa kaye, biki na dadu mbili. Wale wasiojua kusoma sana wasomewe, kwa sababu hatua ya tatu inahitaji kila mtu.

1. HATARI IKO WAPI?

Tuchukue mfano. Koperative moja ya kahawa imeuza kontena yake kwa mnunuzi wa Ulaya. Kilo zimepimwa, karatasi zimetumwa, kumebaki malipo tu. Mwizi ameingia katika imeli ya koperative juu neno la siri lilikuwa jina la koperative na mwaka. Haharibu kitu. Anasoma barua zote kimya kimya, anangoja siku ya fakture, halafu anaandika kwa mnunuzi kutoka imeli ileile: «Tumebadilisha banki, mutume pesa kwenye konti hii mpya.» Mnunuzi anaona barua inatoka pahali pa kila siku, na anatuma. Wiki mbili kisha, kesiye anauliza pesa iko wapi, na mnunuzi anajibu kwamba alilipa zamani.

Wizi wa namna hii unajulikana duniani kote, na makampuni makubwa pia yamepoteza pesa kwa njia hiyo. Lakini kampuni kubwa inaweza kuvumilia. Kwa koperative yetu, malipo ya kontena moja ni masomo ya watoto, ni dawa, ni deni la mikrofinansi, ni msimu muzima wa watu mamia. Njo maana tunasema neno la siri ni kazi ya komite nzima, si la kuachia kijana wa ordinatere peke yake.

2. MWIZI ANAFUNGUA NAMNA GANI?

Watu wengi wanafikiri mwizi anaketi mbele ya simu na kujaribu kwa mukono, neno kwa neno. Hapana. Kuko njia nne kubwa.

Njia ya kwanza: anakuuliza, na wewe unamupa. «Mama, kuko namba sita zimeingia kwako kwa makosa, unitumie haraka.» Zile namba sita njo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimutumia, WhatsApp yako inahamia kwake.

Njia ya pili: unatumia neno moja pahali pengi. Kampuni fulani inaibiwa daftari la wateja, neno lako linatoka, mwizi analijaribu kwenye imeli yako, kwenye Facebook, popote.

Njia ya tatu: anakisia mambo yako. Jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, jina la kijiji, jina la timu ya mupira.

Njia ya ine: programu inajaribu maneno kwa haraka sana. Inaanza na maneno yale watu wanapenda zaidi. Katika mwaka 2009 kampuni moja ya Marekani, RockYou, iliibiwa maneno ya siri karibu milioni 32 ya wateja wake. Walipoyahesabu, neno lililopendwa kuliko yote lilikuwa 123456. Tangu wakati ule orodha hiyo iko mikononi mwa wezi wote, nayo inawafundisha namna binadamu anavyochagua.

Tukumbuke jambo hili: mwizi anajifunza namna binadamu anavyochagua. Tukiweka Kahawa2024! tunaona limekamilika, kuko herufi kubwa, kuko namba, kuko alama. Lakini programu ya mwizi inajua kwamba watu wanaweka herufi kubwa mwanzoni, mwaka nyuma yake, na alama ya mshangao mwishoni. Inajua pia kwamba tunabadilisha a kuwa @ na o kuwa 0. Ujanja ule ambao watu milioni wanaujua si ujanja tena.

Kwa hiyo nguvu ya neno la siri haitoki katika ugumu wake machoni. Inatoka katika bahati: je, lilichaguliwa na kichwa cha mtu, ao na kura isiyopendelea? Kichwa cha mtu kina njia zake zilezile za kila siku. Dadu haina njia.

3. NAMNA MBILI ZA KUPIGA KURA

Namna ya kwanza ni neno la kuvurugwa. Programu inapiga kura kati ya herufi, namba na alama zote 94 za klavie, na inatoa kitu kama hiki: t7#Rw!2qLz9e. Hakuna maana ndani yake.

Namna ya pili ni kifungu cha maneno. Badala ya kupiga kura kati ya herufi, tunapiga kura kati ya maneno kamili yaliyo katika orodha. Inatoka kitu kama hiki: kitunga radi sambaza goti mupanga wimbo. Kila neno linajulikana, lakini mufuatano wao haujulikani na mtu yeyote.

Namna ya pili haikuanza jana. Mmarekani Arnold Reinhold aliitangaza katika mwaka 1995 na kuiita Diceware: dadu inarushwa mara tano kwa kila neno, na orodha iko na maneno 7776. Juu ya nini 7776? Kwa sababu dadu iko na pande 6, na 6 × 6 × 6 × 6 × 6 inatoa 7776.

Wengine watauliza: «Lakini mwizi akipata orodha yetu, si amekwisha kutushinda?» Hapana. Orodha inaweza kubandikwa ukutani. Siri haiko katika orodha, iko katika namna dadu ilivyoanguka siku ile, na hiyo mwizi hakuiona. Mtaalamu Auguste Kerckhoffs aliandika wazo hilo kwa Kifaransa tangu 1883 kuhusu siri za jeshi: njia yenyewe ikianguka mikononi mwa adui isilete madhara. Sawasawa na kufuli: fundi yeyote anajua kufuli inafanya kazi namna gani, lakini ufunguo wako anao wewe.

4. TUPIME NGUVU ZAO

Tuchukue mashini ya mwizi inayojaribu mara miliari 10 kwa sekunde moja. Mwendo huo unawezekana pale kampuni imeibiwa daftari lake na ilikuwa imehifadhi maneno ya siri kwa njia dhaifu. Orodha yetu ya maneno iwe ya maneno 1296, yaani 6 × 6 × 6 × 6 (tutaona chini namna ya kuitengeneza). Ili kumaliza kujaribu yote, mashini ile inahitaji muda huu:

– Namba 6: haifiki hata sekunde moja.
– Herufi ndogo 8 za kuvurugwa: sekunde 21.
– Maneno 4 ya kura: karibu dakika 5.
– Maneno 5 ya kura: siku 4.
– Alama 8 za kuvurugwa: siku 7.
– Maneno 6 ya kura: miaka 15.
– Alama 10 za kuvurugwa: miaka 170.
– Maneno 7 ya kura: zaidi ya miaka 19 000.
– Alama 12 za kuvurugwa: zaidi ya miaka milioni 1.

Tunaona nini hapa? Kwanza, hakuna upande unaoshinda siku zote. Maneno 6 yanapita alama 8, lakini alama 10 zinapita maneno 6. Pili, neno moja zaidi linabadilisha kila kitu, kwa sababu kila neno linaongeza kazi ya mwizi mara 1296. Kutoka neno la tano hadi la sita, siku 4 zinakuwa miaka 15. Tatu, maneno 4 hayatoshe. Kuko watu wanaosikia habari ya vifungu, wanachagua maneno matatu ao mane, na wanalala usingizi. Wasilale.

Hesabu hii ni ya kura ya kweli tu. Mtu akichagua maneno sita kwa kichwa chake, hesabu inavunjika. Mstari wa Zaburi, wimbo wa kanisani, methali kama haraka haraka haina baraka, vyote vimekwisha kuandikwa pahali, na programu ya mwizi inasoma vitabu vingi kuliko sisi.

5. SASA TUCHAGUE LIPI?

Kama nguvu zinaweza kulingana, ulizo la kuchagua ni hili: nani ataandika neno hili, kwa chombo gani, na atalitunza wapi?

Neno la kuvurugwa linafaa pale mashini inakumbuka kwa niaba yako. Simu nyingi za Android ziko na pahali pa kutunza maneno ya siri, na kuko programu za bure za kazi hiyo, kama Bitwarden na KeePass. Programu inatunga neno la alama 16, inalitunza, inaliandika yenyewe. Wewe haulijui hata, na haina shida. Faida nyingine: programu nzuri inajua neno ni la tovuti gani, kwa hiyo mwizi akitengeneza tovuti ya uongo inayofanana na ya kweli, programu haitajaza kitu. Ikikataa kujaza, simama na uangalie vizuri anwani.

Kifungu cha maneno kinafaa pale mtu mwenyewe anakumbuka na kuandika kwa vidole vyake. Sababu zake ni hizi:

Klavie. Ordinatere nyingi za kwetu ziko na klavie ya Kifaransa, ile inayoanza na herufi A-Z-E-R-T-Y. Nyingine zinaletwa kutoka Dubai ao Kampala na klavie ya Kiingereza. Alama kama # ao ! haziko pahali pamoja, na namba kwenye klavie ya Kifaransa zinaomba kubonyeza kifungo kingine pamoja. Neno t7#Rw!2qLz9e lililoandikwa vizuri Bukavu linakataa katika saiba ya Uvira, na kisha kukosea mara tatu ine konti inafungwa. Maneno ya herufi ndogo yanaleta shida kidogo zaidi. Angalia tu a, q, z, w na m, ambazo nazo zinahama.

Simu ndogo. Kuandika alama kwenye simu ya vifungo ni mateso. Maneno ya kawaida yanaandikika.

Kusema kwa mdomo. Siku prezida na kesiye wanapopashana ufunguo uso kwa uso, maneno sita yanasemeka na kusikika. Jaribu kusema alama kumi na mbili bila kukosea.

Safari ya ghafula. Tunajua maisha ya vijiji vyetu. Familia inaweza kuamka usiku na kuondoka na watoto na kitunga kimoja. Karatasi inabaki, ordinatere inabaki, hata simu inaweza kunyanganywa njiani. Kitu kilicho kichwani kinaenda na mwenyewe. Koperative ambayo mlango wake mkubwa uko katika vichwa vya watu wawili inaweza kufungua imeli yake kutoka popote, kumwandikia mnunuzi, na kuomba malipo yangoje. Ile iliyoweka yote katika simu moja inaanza na sifuri.

Kwa hiyo jibu ni kutumia vyote viwili, kila kimoja pahali pake:

Imeli ya koperative: kifungu cha maneno 7. Imeli ni mama wa konti zote, kwa sababu ukisahau neno lingine lolote, ni imeli inayolifungulia tena. Mwizi akiwa na imeli, ako na yote. Muweke pia hatua ya pili ya kuhakikisha, ile inayoomba namba kwenye simu kisha neno la siri.

Programu ya kutunza maneno: kifungu cha maneno 7, tofauti na cha imeli.

Ordinatere ya biro: kifungu cha maneno 6.

Tovuti za bei, za hali ya hewa, ukurasa wa Facebook, tovuti ya mnunuzi: neno la kuvurugwa la alama 16, linalotungwa na kutunzwa na programu. Kila konti na lake.

Tovuti inayokataa neno refu: kuko tovuti zinazoweka mwisho wa alama 16 ao 20, kifungu hakiingie. Tumia la kuvurugwa. Na tovuti inayolazimisha herufi kubwa na namba, ongeza K mwanzoni na 1 mwishoni ili ikubali, lakini usihesabu hiyo kama nguvu.

Kodi ya pesa kwa simu: hapa hakuna kuchagua, ni namba chache tu. Inalindwa na kitu kingine: ukikosea mara chache, inafungwa. Kwa hiyo mwizi hawezi kujaribu zote, atajaribu zile anazozikisia: 1234, 0000, mwaka wako wa kuzaliwa, namba za mwisho za simu yako. Andika 0 hadi 9 kwenye vikaratasi kumi, vuta kimoja, rudisha, vuta tena, mpaka kodi itimie. Na kodi hiyo haiambiwe mtu, hata muntu wa kibanda cha pesa, hata anayesema kwa simu kwamba yeye ni wa kampuni.

6. KAZI YA MUKONO: KAYE YA MANENO 1296

Hii ni kazi ya mukutano mmoja. Inahitaji kaye moja, biki, rula na dadu mbili za rangi tofauti.

Hatua ya kwanza. Chora kurasa 36. Kila ukurasa uwe na mistari 6 na safu 6, yaani vyumba 36. Kurasa zipewe namba mbili mbili: 1-1, 1-2, mpaka 1-6, kisha 2-1, mpaka 6-6.

Hatua ya pili. Gawa kurasa kwa wanamemba 36, kila mtu ukurasa wake na kichwa chake: vyombo vya shamba, samaki na nyama, vitu vya jikoni, viungo vya mwili, ndege, miti, magonjwa, nguo, kazi za watu, mambo ya hewa, vitendo vya mukono, na kadhalika. Vichwa vinasaidia maneno yasijirudie. Asiyejua kuandika aseme, jirani aandike. Maneno yawe ya herufi 4 mpaka 8, yale yanayojulikana na wote: jembe, sombe, chukudu, kasiksi, ngazi, radi, goti, pagne, mawese.

Hatua ya tatu. Soma kaye nzima kwa sauti. Neno likijirudia, lifutwe na lingine liingie. Mukubaliane pia juu ya maandiko, kwa sababu sisi wenyewe tunaandika tofauti: mmoja anaandika maharagi, mwingine maharage, mmoja mupanga, mwingine panga. Lile lililo katika kaye njo sheria. Mtu akikumbuka neno lakini akaliandika namna nyingine, mlango haufunguke.

Hatua ya ine. Mwenye kutengeneza kifungu aende pembeni peke yake na kaye. Arushe dadu mbili: nyekundu kwanza, kisha nyeupe, hizo zinatoa ukurasa. Arushe tena: nyekundu ni mstari, nyeupe ni safu. Mfano: akipata 4 na 2, kisha 5 na 1, anakwenda ukurasa 4-2, mstari wa 5, safu ya 1. Hilo ni neno la kwanza. Arudie mpaka yatimie sita ao saba. Kama dadu hazipo, vifuniko sita vya chupa vyenye namba 1 mpaka 6 katika kofia vinatosha. Kila mara kirudishwe na kuchanganywa.

Hatua ya tano. Asibadilishe. Asiseme «neno hili silipendi, natia lingine». Asipange upya ili yafanane na sentensi. Siku anapoanza kuchagua, kura imekufa.

Hatua ya sita. Ayashike kwa picha. Kwa mfano wetu wa juu: kitunga kilipigwa na radi, sambaza zikaruka, moja ikaanguka kwenye goti la mtu mwenye mupanga anayeimba wimbo. Picha ikiwa ya kuchekesha zaidi, kichwa kinaishika zaidi. Aandike kifungu mara tatu siku ya kwanza, mara moja kila siku kwa wiki moja. Karatasi ya kwanza aitunze mfukoni wiki hiyo, kisha aichome. (Mfano huu umeandikwa katika gazeti, kwa hiyo mtu asiutumie!)

7. KUTUNZA NA KUPASHANA

Watu wawili. Kifungu cha imeli kijulikane na watu wawili wa komite, si mmoja, si kumi. Mmoja akigonjwa ao akisafiri, kazi haisimame. Nakala moja iwe katika anvelope iliyofungwa, na sahihi za wote wawili zikipita juu ya pahali pa kufungia, ndani ya kofre. Anvelope ikikutwa imefunguliwa, kifungu kinabadilishwa siku ileile.

Namba ya simu ya kurudishia imeli iwe ya koperative, si ya mtu. Mara mingi kesiye wa zamani aliondoka na karte SIM, na imeli ya koperative ikabaki chini ya mamlaka yake bila yeye kutaka.

Kubadilisha lini? Kuko watu waliofundishwa kubadilisha kila mwezi tatu. Fundisho hilo limeachwa. Bill Burr, aliyeandika miongozo ya maneno ya siri ya shirika la vipimo la serikali ya Marekani (NIST) katika 2003, alisema mwenyewe katika 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya yale aliyoandika. Mwaka uleule NIST ilitoa miongozo mipya: watu wasilazimishwe kubadilisha bila sababu, na wasilazimishwe kuchanganya alama za kila namna. Sababu inaeleweka: mtu anayelazimishwa anabadilisha Kahawa1 kuwa Kahawa2, kisha Kahawa3. Sisi tubadilishe wakati huu: mjumbe anayekijua anatoka katika komite, simu ao ordinatere imeibiwa, tovuti imetangaza kwamba iliibiwa, ao mtu aliandika kifungu katika ordinatere ya saiba asiyoiamini. Siku ya kupashana kazi baada ya uchaguzi, kubadilisha vifungu kuwe katika orodha pamoja na funguo za depo na mizani.

Neno la siri halilinde kila kitu. Kifungu cha maneno saba hakina nguvu mbele ya mtu anayekuomba na wewe unamupa. Na hata kama imeli yenu iko salama, ya mnunuzi inaweza kuwa wazi. Muandike katika mkataba tangu mwanzo: namba ya banki haibadilishwe kwa imeli peke yake, kila mabadiliko yahakikishwe kwa sauti, kwa namba ya simu iliyo katika mkataba, si kwa namba iliyo ndani ya barua mpya. Kifungu hicho cha mkataba hakina bei, na kinaweza kuokoa kontena nzima.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA MUKUTANO

1. Konti za koperative yetu ni ngapi? Mutaje zote, na nani anajua neno la kila moja.
2. Je, kuko neno moja linalotumika kwa konti mbili ao zaidi? Tutaanza kubadilisha lipi?
3. Kama biro ikifungwa kesho na simu ya kesiye ikipotea, nani anaweza kufungua imeli, na kwa njia gani?
4. Juu ya nini si vibaya mwizi akiona kaye yetu ya maneno, lakini ni vibaya akituona tukirusha dadu?
5. Mtu akituma ujumbe kwa jina la prezida na kuomba namba sita, tutafanya nini kwanza?

Komite itakayomaliza kaye yake mbele ya msimu wa kuchuma itaingia msimu huo na mlango uliofungwa vizuri. Animateri wa eneo lenu yuko tayari kuja na dadu kama munazikosa. Kazi njema, na mavuno mema.